Jina Juu ya Skrini

Kamsamba, 14 Julai 2024

Kaka yangu Ipyana,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kama haikukuti mzima basi ni yale maharage ya mama lishe wa Sogea, nilishakwambia uachane nayo. Mimi hapa nyumba ya malezi sijambo, ila joto la Kamsamba na mimi bado hatujapatana. Sisi tuliozaliwa kwenye baridi ya Ileje hatukuumbwa kwa huku. Mpunga umevunwa, wanovisi tumepewa zamu ya kupepeta, na mikono yangu iliyozoea padi za gemu imetoka malengelenge. Mwenzangu Jenista ananicheka. Huyu ni wa Nanyala, tumeingia naye mwaka mmoja, anaongea tangu alfajiri mpaka kengele ya ukimya, na kengele ikishalia ananong'ona.

Mama mdogo Ketrina ameniandikia kwamba kaburi la mama limepaliliwa na limepandwa maua. Nimefurahi sana.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Mlezi wetu, Sista Ferista, ametutangazia kuwa tarehe mbili Februari tutaweka nadhiri za kwanza. Siku hiyo kila novisi anatoka mlangoni mwa kanisa ameshikwa mkono na mkubwa wa familia yake. Wanatembea mpaka mbele, na huyo mkubwa anamkabidhi kwa Mama Mkuu na kusema kwa sauti ya kusikika, "Tumemtoa." Jenista atakuja baba yake, babu yake na nusu ya Nanyala. Mimi baba simkumbuki sura, na mama ametangulia. Aliyenilea ni wewe. Nakuomba uje unishike mkono.

Najua hukupenda nije huku. Siku ile naondoka ulijifanya unaunga waya wa skrini ambao haukuwa umekatika, hukutoka hata kuniaga. Sitaki tulichimbe hilo. Nataka unijibu tu kama utakuja.

Simu haturuhusiwi, ni barua tu, tena Sista Ferista anazisoma kwanza. Kwa hiyo chunga mdomo wako.

Mdogo wako,
Atupele


Tunduma, 9 Agosti 2024

Mdogo wangu Atu,

Marahaba. Barua yako imefika ikinuka samaki, sijui huyo dereva wenu wa parokia anaisafirisha na nini. Huku sisi wazima. Nikisema sisi ni mimi na paka. Foleni ya malori wiki hii imefika mpaka Mpemba, madereva wamekwama, na dereva aliyekwama anakuja kucheza gemu, kwa hiyo banda linapumua. Nimenunua feni. Mama mdogo Ketrina alipita akienda kununua vitenge ng'ambo, akaniuliza nitaoa tena lini. Nikamwambia nami niko kwenye foleni.

Sasa sikiliza, kuna jambo linaninyima usingizi. Kuna Mzambia wa Nakonde anaitwa Watson, muuza unga, ana pikapu yake kuukuu. Kila Jumamosi yuko hapa na wenzake. "Mulishani, mulishani," anasalimia mpaka ukuta. Halafu anakaa kwenye gemu la vyombo vya anga, lile letu mimi na wewe, na hanyanyuki. Mtu huyu anajua, Atu. Amebakiza kidogo sana afikie alama tulizoweka mimi nikiendesha na wewe ukipiga. Unajua skrini ile inaweka jina la mshindi mmoja tu, akija mwingine la kwanza linafutika.

Yeye anatumia Nyuki. Unazikumbuka, unaziachia tu zinamtafuta adui zenyewe hata akijificha. Mimi nimeanza na Mkuki wako, umenishinda. Mpaka ukandamize kitufe ujae moto, na muda wote huo chombo kitulie. Sasa mkono huu naendesha, huu nalenga, kila kitu kinayumba, Mkuki unakwenda kuchoma giza. Nimerudi kwenye Mchele, ule unaomwaga risasi ndogondogo. Raha kuutazama, ila adui mkubwa ni kama unamkuna mgongo. Niambie wewe uliyekuwa mpigaji, kati ya Mkuki, Nyuki na Mchele, ipi inaua haraka zaidi kwa mtu aliye peke yake? Silaha ninazo zote, tatizo ni kuchagua. Wale Wazambia lazima niwamalize kabla ya Krismasi.

Hilo la Februari bado liko mbali.

Kaka yako,
Ipyana


Kamsamba, 30 Agosti 2024

Kaka yangu Ipyana,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Jenista aliugua malaria akapona, na siku zile za homa ndizo pekee nyumba hii ilipokuwa na ukimya unaotakiwa.

Kaka, umeniponza. Barua yako ililowa maji ya samaki garini, karatasi ya kwanza ikagandana. Sista Ferista akaianika juani, akaanza kusoma ya pili. Sasa hiyo ya pili ndiyo yenye Mkuki na Nyuki, na "silaha ninazo zote", na "wale Wazambia lazima niwamalize". Nikaitwa ofisini. Nikamkuta ana miwani mbili, moja machoni moja kichwani, na rozari mkononi.

"Mwanangu," akaniambia kwa upole kabisa, "kaka yako pale mpakani anafanya biashara gani?"

"Ana banda, Sista."

"Banda la kuhifadhia nini?"

Nikajibu la gemu. Akasema gemu ni nini, nikasema mchezo, akasema mchezo gani wa kuua Wazambia. Nilichukua karatasi ya nyimbo, nikamchorea nyuma yake kila kitu. Nikachora chombo chetu, dereva na mpigaji, na silaha moja moja na inavyopiga, na lile lichombo kubwa la mwisho tunaloliita Semi. Aliifuata michoro kwa kidole, mimi nasubiri kufukuzwa. Kisha akaniuliza, "Na hizi Nyuki, adui akikata kona ghafla zinakata naye?"

Basi tangu siku hiyo ananiuliza mezani. Yeye ni mzaliwa wa huku, utoto wake wote aliamia ndege kwenye mpunga kwa kombeo, kwa hiyo mambo ya kulenga anayo.

Sasa nikujibu. Mchele unakudanganya kwa cheche zake. Unaivua ngao ya adui, ukisogea kidogo ngao imeshajaa tena, na wewe unajiona shujaa. Nyuki ni nzuri kwa vile vyombo vidogo vinavyokimbia, lakini Semi anatupa vimoto na zenyewe zinafuata vimoto. Watson wako ataukwaa ukuta hapo. Mkuki ndio wenye nguvu kuliko zote, unatoboa ngao na bati kwa pigo moja, ila ule ni wa watu wawili. Uache. Wewe tumia Visiki. Ndiyo, yale mabomu ya kuangusha nyuma, uliyokuwa ukiyaita silaha ya waoga. Kisiki hakitaki kulengwa. Wewe kimbia tu unavyojua kukimbia, Semi akufuate, ajikwae mwenyewe.

Hukunijibu nililokuuliza. Februari si mbali kama unavyodhani.

Mdogo wako,
Atupele

Kaka Ipyana, Tumsifu Yesu Kristo. Nisamehe nimeandika kwenye barua isiyo yangu. Tulipokuwa watoto, aliyemfukuza ndege mmoja mmoja alichoka kabla ya saa nne na mpunga ukaliwa. Mama yangu alitufundisha kusimama pale ndege wanapotaka kutua. Naungana na Atupele kuhusu Visiki. Pia naungana naye kuhusu Februari. — Sista Ferista


Tunduma, 6 Oktoba 2024

Mdogo wangu Atu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, mota ya feni iliungua na umeme huku unakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Paka amezaa, kumbe alikuwa jike. Mama mdogo Ketrina anasalimia, anasema kahawa ya mjomba mwaka huu imepata bei. Mpe Sista Ferista salamu zangu, mwambie nimemwamkia, na kwamba mimi si jambazi.

Visiki vimekubali. Wiki ya kwanza nilijilipua mwenyewe, maana unaangusha halafu unasahau ulipoangusha, unapita palepale. Nikajifunza kuzunguka kushoto siku zote, ili kulia pabaki pa kumwekea Semi. Nimevipima na vingine, uwanja uleule, adui yuleyule. Kwa vyombo vidogo Nyuki bado zinaongoza, hakuna ubishi. Lakini kwa Semi, Nyuki mzigo mzima unaisha naye anatembea. Visiki vitatu vikimkuta pamoja, anapasuka. Madereva walisimama nyuma yangu wakipiga makofi. Nimefika karibu na alama zetu, Atu. Bado kidogo sana.

Watson naye alikuwepo, akaniomba nimwoneshe. Nikamwonesha, roho mbaya sina.

Sasa nikuambie kwa nini nahangaika, kwa sababu naona unadhani ni ujinga wa gemu. Unalijua jina lililo juu ya ile skrini. Ulikuwepo. Tulipovunja rekodi skrini ikatuuliza tuandike nini, na mama alikuwa amekaa nyuma yetu anapukuchua mahindi, hata haangalii, anatuuliza kama kawaida yake, "Mmekula?" Wewe ukaandika Gwalugano. Akasema mnaniandika mimi kwenye televisheni mmenifanya nani, akacheka mpaka mahindi yakamwagika. Miezi minne baadaye tukamzika. Kila asubuhi nikiwasha banda, jina la mama linawaka kabla ya kitu kingine chochote. Watson akishinda linafutika.

Na kitandani alisemaje? "Atu atanizaa." Alitaka mtoto wako aitwe jina lake, arudi kwa njia hiyo. Mimi unajua yaliyonikuta na Gloria, miaka sita ya ndoa bila mtoto, akaenda zake, simlaumu. Kwa hiyo ulibaki wewe. Nawe umeenda mahali ambapo watu hawazai.

Unaponiambia nije nisimame mbele ya kanisa niseme "Tumemtoa", unaniambia nimzike mama mara ya pili kwa mdomo wangu mwenyewe. Siwezi. Usiniulize tena.

Ipyana


Kamsamba, 27 Oktoba 2024

Kaka yangu Ipyana,

Shikamoo. Wote hapa wazima, mvua bado, ng'ombe wa watu wanapita mbele ya nyumba kutafuta maji na vumbi linaingia mpaka kwenye sukari. Hongera kwa watoto wa paka.

Barua yako imeniumiza. Nimeisomea chooni, kwa sababu kwingine kote Jenista angeniuliza ninalia nini. Nimekasirika pia, nikuambie ukweli. Unaongea kama vile mama alikuwa wako peke yako na mimi nimemtupa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuza kitandani. "Atu atanizaa" aliniambia mimi, akiwa amenishika sikio, na sijalisahau hata siku moja. Nililia nalo mwaka mzima kabla ya kuingia huku, wewe ukidhani nalala.

Kuna jambo nimeliomba kwa Mama Mkuu. Sijui kama atalikubali, na utaratibu wetu ni kwamba halitamkwi mpaka siku yenyewe. Siwezi kukuambia, hata ukiniuliza mara mia.

Ninachoweza kukukumbusha ni ile siku ya rekodi. Mimi nilikuwa nakandamiza Mkuki, na Mkuki unachelewa, na Semi alikuwa anatupiga kutoka pande zote. Dereva mwingine angekimbia. Wewe ulikituliza chombo kikapigwa, kikapigwa, ngao ikaisha, ukasema, "Piga tu Atu, niko hapa." Nikapiga. Watu wanasema mimi ndiye niliyekuwa hodari. Mimi nilikuwa nabonyeza kitufe tu, kaka, wewe ndiye uliyekubali kutulia.

Nitakuuliza tena. Nimekuuliza.

Atupele

Mimi leo nakuombea tu. — Sista Ferista


Kamsamba, 12 Desemba 2024

Kaka yangu Ipyana,

Shikamoo. Sina jibu lako, nami sijui kama ni barabara au ni wewe. Mvua zimeanza kwa fujo, gari la parokia lilikwama bondeni likalala huko. Shamba limejaa maji, vyura wanakesha. Sista Ferista amepata mafua, anaulizia Semi hata akiwa na homa. Nguo za nadhiri zimeshonwa, yangu ni ndefu kidogo, nimeipinda.

Kama ni wewe, niandikie hata mstari mmoja wa kunitukana. Nitafurahi kuuona mwandiko wako.

Atupele


Tunduma, 27 Desemba 2024

Mdogo wangu Atu,

Marahaba. Barua zako mbili nilizipata siku moja, zote zina matope. Sikuwa na hasira ya kukunyamazia, sikuwa na la kusema tu. Krismasi nilikula kwa jirani, walinichinjia jogoo mzee kuliko mimi. Watoto wa paka nimewagawa, nimebaki na mmoja wa kijivu.

Imekwisha. Jumamosi iliyopita Watson alikaa asubuhi, akawasafisha wale wadogo kwa Nyuki, halafu alipofika kwa Semi akahamia Visiki. Anazunguka kushoto, anaacha kulia, vilevile nilivyomfundisha. Banda zima lilisimama. Mimi nilijua kabla Semi hajapasuka. Nilitamani umeme ukatike, Mungu anisamehe, na siku hiyo umeme uliwaka wa kutosha mikoa yote.

Skrini ikamwambia aandike jina. Akanigeukia akauliza, "Bwana Ipyana, huyu Gwalugano ni nani? Kila siku namwona." Nikamwambia ni mama yangu, marehemu. Akaiweka padi chini. Akasema basi ataandika Gwalugano, haina shida, yeye jina lake nyumbani lipo. Nilimshukuru kutoka moyoni. Lakini nikamkatalia. Nikamwambia andika lako, umeshinda kwa haki, mama hakupenda cha kuonewa huruma. Akaandika kwa aibu, herufi moja moja.

Kesho yake asubuhi niliwasha nikaona WATSON. Nilikaa hapo mpaka wateja wakaanza kugonga. Nilidhani ningevunja kitu. Nikafungua mlango, wakaingia, wakacheza, maisha yakaendelea, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Sina zaidi. Salamu kwa Sista, apone.

Ipyana


Kamsamba, 16 Januari 2025

Kaka yangu Ipyana,

Shikamoo, na pole. Nimelia kwa ajili ya lile jina na sikujificha, Jenista alipouliza nilimwambia, naye akalia, na yeye hata gemu hajawahi kuliona. Sista Ferista amepona. Alipozisoma habari za Watson alivua miwani, akasema yule Mzambia ana malezi.

Hukusema kitu kuhusu tarehe mbili, nami sasa siulizi, natoa taarifa tu. Misa ni saa nne. Barabara ya kutoka Mlowo ni mbaya, korongo moja linajaa kila jioni, magari yanavuka asubuhi au hayavuki kabisa. Kama hutakuja, fundi wetu Ombeni anayejenga ukuta wa zahanati amekubali kunishika mkono. Ni mtu mzima, ana wajukuu, amesema atavaa koti. Usije ukajiumiza na matope kwa ajili ya kujilaumu. Sitakuchukia.

Lakini ningependa uwe wewe.

Atupele


Tunduma, 5 Februari 2025

Mdogo wangu,

Nimerudi jana, mzima, suruali sina tena. Paka alilishwa na jirani. Mama mdogo Ketrina amesikia, amepiga vigelegele kwenye simu mpaka nikaiweka mbali na sikio.

Wacha nikuambie ilivyokuwa kwa upande wangu, maana siku ile hatukupata nafasi, mlikuwa mmezungukwa na Nanyala yote. Barua yako ya mwisho nilikaa nayo mfukoni. Alhamisi Watson akaja na unga, akaniona nimekaa nimeizima skrini. Akauliza nini, nikampa asome. Akasoma polepole, Kiswahili cha Nakonde unakijua. Akasema, "Mimi nina pikapu." Nikasema sijaamua kwenda. Akasema haniulizi kama nimeamua, ananiambia ana pikapu.

Jumamosi tukalala Mlowo. Alfajiri tukashuka. Korongo lile tulilikuta bado lina maji, magari yamejipanga hayathubutu. Watson akalitazama, akaniambia nishuke nitangulie kwa miguu nimpimie kina, naye anifuate mimi ninapokanyaga. Nilivua viatu nikaingia. Maji yalifika kiunoni, nikaendelea. Tukavuka. Mbele kidogo pikapu ikazama kwenye tope jeusi, hapo hata ng'ombe wasingeitoa. Watson akasema, "Nenda, mimi nalinda gari." Nikakimbia. Mimi, mwanaume wa miaka thelathini na nane, viatu mkononi.

Nilipofika mlangoni ngoma zilishaanza. Jenista ameshaingia na ukoo wake. Wewe ulikuwa umesimama na fundi Ombeni amekushika mkono, na koti lake kweli amelivaa. Hukuniona, ulikuwa unatazama chini. Ombeni ndiye aliyeniona. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye matope, hakuuliza mimi ni nani, akauchukua mkono wako akauweka kwenye wangu na kurudi nyuma. Ulipogusa matope ndipo ukainua uso. Ulivyonitazama pale sitasahau mpaka kufa.

Njia ile ni fupi, lakini miguu yangu ilikataa mara mbili. Ulininong'oneza, "Tulia, kaka, niko hapa." Nilitaka kucheka na kulia pamoja. Mbele ya Mama Mkuu sauti haikutoka. Nikamwona Sista Ferista kwenye benchi la kwanza, miwani mbili, ananiitikia kwa kichwa kama anamtia moyo mtoto wa darasa la kwanza. Nikasema, "Tumemtoa." Nilisema kwa nguvu mno, nasikia mpaka nje walisikia.

Halafu nikakaa, nikajua limekwisha, mama amekwenda mara ya pili kama nilivyosema. Nilikuwa nimeinamisha kichwa. Nikasikia nadhiri zako, kila neno. Kisha Mama Mkuu akasimama kutangaza majina mapya. Jenista akaitwa jina la mtakatifu mmoja refu, sikulishika. Kisha akasema, "Na ndugu yetu Atupele ameomba, nasi tumemkubalia, kuanzia leo ataitwa Sista Gwalugano."

Atu, sikujua kama nimesimama. Watu wa Nanyala ndio walionivuta chini. Nimelia mbele ya askofu na matope yangu, nimelia kilio cha msibani, wala sina aibu. Kumbe ndilo lile uliloliomba, ulilokatazwa kulisema, nami huku nakuandikia maneno ya kukuchoma. Ulikuwa unamzaa mama, na mimi nakuambia umemzika. Nimefurahi kiasi ambacho sijui nikiweke wapi.

Watson nilimkuta jioni, wanakijiji wamemtoa kwenye tope na wamemlisha wali, tayari ana marafiki. Nilipomwambia jina lako alifurahi, na korongo lilipopungua alipiga honi mpaka tukafika Mlowo.

Leo asubuhi nimewasha banda, skrini imeandika WATSON, nami nikaenda kupika chai.

Sasa nina tatizo la heshima. Huyu mwenye jina la mama, kwetu hata akiwa mtoto mchanga anaitwa mama na anaamkiwa. Miaka yote hii nakuitikia marahaba. Nimekaa na kalamu tangu saa mbili nikitafuta namna ya kuianza barua hii, ndiyo maana unaona pale juu sijaandika salamu. Naiandika hapa.

Shikamoo, mama.

Ipyana


Kamsamba, 17 Februari 2025

Marahaba, mwanangu. Umekula?

Sista Gwalugano